Tomson mu nyungu yetu: historia ya samaki ya baridi mu Lubumbashi

Kila mara tunapokusanyika kuongea juu ya vyakula vya asili, majibu yanakuwa yale yale. Mutu mumoja anataja sombe, mwingine finkubala, mwingine lengalenga ya karanga, na wazee wa upande wa Luapula wanataja samaki ya Moero iliyokaushwa ku moshi. Hakuna anayetaja tomson. Lakini pita mu avenue yoyote ya Katuba ao ya Kenya saa kumi na mbili ya mangaribi, pua yako itakuambia yenyewe kile kinachopikwa. Ku mbabula moja ni maharagi, ku ingine ni mboga ya majani, na ku ya tatu, mara mingi, ni tomson mu mafuta.

Sababu ya kuiacha inajulikana. Tomson inatoka mbali, inafika mu kartoni, ni chakula cha mutu mwenye mufuko mwepesi, na hakuna nkambo yetu aliyeikuta ku kijiji. Mimi ninafundisha historia, na ninaona sababu hizi hazina nguvu kama vile zinavyosemwa. Ninataka kuonyesha hapa kwamba samaki ya baridi iliingia mu njia ambayo muji wetu ulikuwa umekwisha kuifungua tangu mwanzo wake: njia ya kula samaki iliyovuliwa mahali pengine na mikono ya wengine. Kisha nitaongea juu ya nyungu yenyewe. Bamama wa hapa wamejijengea ujuzi wa kupika hii samaki, ujuzi ambao hauandikwi, na pale unapokosekana watu wanagonjwa. Ubaya zaidi, wanashitakiana.

Tuanze na jina. Samaki tunayoita tomson, na ambayo ndugu zetu wa Kinshasa wanaita mpiodi, kwa Kifaransa ni chinchard. Ku soko watu wanachanganya chinchard na maquereau, na wauzaji wengine wanaziita zote mbili jina moja. Kuzitofautisha ni kazi ya kidole. Pitisha kidole ku ubavu wa samaki, toka mukia kwenda kichwa: chinchard iko na mustari wa magamba magumu yenye kukwaruza kama msumeno mudogo, maquereau ni laini, na mugongo wake uko na mistari myeusi kama ya punda milia. Huu mustari wa magamba tutaukuta tena mu jikoni.

Sasa, neno asili. Wale wanaosema tomson si ya asili wanasema hivyo huku wakikata bukari ya mahindi. Lakini mahindi na muhogo vyote viwili vilitoka Amerika, vikavuka bahari mu merikebu za Wazungu kisha 1492, na vilichukua miaka mingi kufika kwetu katikati ya bara. Wazee wa hii inchi walikuwa na mutama na mawele. Na hata bukari nyeupe ya mahindi, vile tunavyoipenda mu muji, kwa sehemu kubwa ni mutoto wa kazi ya shaba: unga uliletwa kwa treni kutoka Rhodesia, ukapimwa mu posho ya wafanyakazi, na mutu aliyezoea unga wa muhogo ku kwao akajifunza kula ule aliopewa. Leo hakuna anayethubutu kusema bukari si chakula chetu. Basi desturi inaweza kuanza ku muzani wa posho.

Élisabethville ilizaliwa mu 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mu 1906, na mu 1911 tanuru ya Lubumbashi ikayeyusha shaba ya kwanza. Haukukua pole pole kando ya maji kama miji mingine. Ulisimamishwa pale kwenye shaba, mu pori, karibu na mto mudogo ambao hauwezi kulisha hata commune moja. Wafanyakazi walitoka Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Kasaï, Lomami, na baadaye Ruanda-Urundi. Wote hao walipaswa kula, na mtu wa kazi ya shimo hakuli kidogo. Nyama ilikuwa bei. Njo maana samaki ikatafutwa tangu mapema, na ikatafutwa mbali.

Upande wa kwanza ulikuwa Luapula na ziwa Moero. Kasenga, karibu kilometre 200 kutoka muji, ikawa kituo cha wachuuzi, na kati yao Wagiriki ndio waliojulikana zaidi. Walikuwa na mitumbwi ya motere, walinunua kwa wavuvi weusi, walivua wenyewe, na kamiyo zikaondoka Kasenga na samaki iliyofunikwa na barafu. Tusome tena hilo neno: barafu. Samaki ya baridi si mugeni wa juzi mu Lubumbashi. Nkambo zetu waliokula samaki mbichi ya Luapula mu kambi walikuwa tayari wanategemea machine ya baridi, bila hata kuiona. Upande wa pili ulikuwa Lualaba na maziwa ya Upemba, pahali ambapo watu walikuwa wakikausha samaki na kuibadilisha kwa vitu vingine karne nyingi mbele ya Mubelgiji yeyote. Reli ilipofika Bukama mu 1918, samaki ya moshi ya kule ikapata njia fupi ya kufikia muji.

Muji ulikula sana, na maji yalilipa. Kuna samaki ambayo wazee wa Luapula wanaitaja kwa huzuni mpaka leo: mpumbu. Kila mwaka wakati wa mvua mpumbu ilikuwa ikipanda muto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na wavu uliingoja pale pale, ikiwa na tumbo lililojaa. Njia ya muzuri ya kumaliza samaki ni hiyo. Mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 makundi hayo yakavunjika, na mpumbu haikurudi tena kuwa vile ilivyokuwa. Watu wanapolalamika leo kwamba tomson imefukuza samaki ya ziwa mu sahani zetu, ningependa wakumbuke mpumbu. Sahani ilianza kupunguka mbele ya tomson kufika.

Upande wa tatu ulikuwa tayari bahari. Mu 1931 reli ya Benguela iliunganisha Katanga na Lobito, na samaki iliyokaushwa na chumvi ku pwani ya Angola ikawa na njia ya moja kwa moja mpaka ku migodi. Mutoto wa kambi mu miaka hiyo alikula samaki ya Atlantique bila kujua bahari inafanana na nini. Makayabu na bitoyo, ambazo leo tunaziweka bila shida mu orodha ya vyakula vya zamani, ni za ukoo huo huo: chumvi ilifanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na baridi.

Baridi yenyewe ilifuata umeme, na umeme ulifuata shaba. Mwadingusha, ku muto Lufira, ilianza kutoa umeme mu 1930, na ilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyumba za Wazungu zikapata frigo, cité ikangoja. Waafrika wa kwanza wa hapa waliofungua mulango wa frigo kila siku walikuwa mabôyi na wapishi, hata kama kilichokuwa ndani hakikuwa chao. Mu 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu Vocabulaire de la ville de Élisabethville, kwa jina la wale watumishi wa zamani wa nyumba. Ni moja ya maandiko machache ambamo mutumishi njo anasimulia historia ya muji. Ninawataja kwa sababu tunazoea kusema kwamba maarifa ya frigo yalitoka ku masomo. Kwa sehemu yalitoka ku jikoni, kwa watu ambao hawakuwa na diplome.

Hapa tunapashwa kutoka kidogo mu Katanga, kwa maana bila hatua hii kartoni ya tomson haieleweki. Kuweka nyama mu baridi kwa safari ndefu kulijaribiwa na Mufaransa Charles Tellier, ambaye meli yake Le Frigorifique ilivuka kutoka Rouen mpaka Buenos Aires mu 1876. Lakini samaki ni laini kuliko nyama, na ilipogandishwa pole pole iliharibika: ilipoyeyuka ilikuwa kama sponji yenye kutoa maji. Jibu lilitoka mahali pa baridi kali. Mumarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, Canada ya kaskazini-mashariki, tangu 1912, na akaona namna Wainuiti wanavyofanya. Samaki waliyoitoa ku tundu la barafu iligandishwa na upepo mara moja, na ilipopikwa miezi baadaye ilikuwa na ladha ya samaki mbichi. Yeye alichoongeza ni machine ya kufanya vile kwa haraka mu kiwanda, na mu 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa mu maduka ya Springfield, Massachusetts.

Siri yenyewe iko namna hii. Ndani ya nyama ya samaki kuna maji. Yakigandishwa mbio, yanafanya vipande vidogo sana vya barafu ambavyo havipasui kitu. Yakigandishwa pole pole, vipande vinakuwa vikubwa, vyenye ncha kama sindano, na vinatoboa nyama yote kwa ndani. Mwalimu wa biologie atawaeleza vizuri kuniliko. Lakini tuweke hili mu kichwa, kwa sababu kongelateri ya nyumbani, na zaidi ile ambayo umeme wake unakuja na kwenda, inagandisha pole pole.

Toka 1954, wakati Waingereza walipoanza kutumia meli Fairtry, kiwanda kikahamia ndani ya meli yenyewe: wavu unapandishwa, samaki inagandishwa pale pale mu maji ya mbali, inawekwa mu kartoni mbele ya kuona nchi kavu. Maji yenye utajiri wa chinchard ni yale ya kusini-magharibi mwa Afrika, mbele ya Namibia, ambapo baridi ya maji ya chini inapanda na kulisha samaki kwa wingi. Mu miaka ya 1970 na 1980 meli za inchi za mbali, za Umoja wa Kisovieti na zingine, zilivua kule bila mwenye inchi kusema neno, sababu mwenye inchi alikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, ikatangaza bahari yake mpaka mwendo wa maili 200, na bandari ya Walvis Bay ikarudishwa kwake mu 1994. Toka hapo chinchard ni samaki ambayo Namibia inavua kwa uzito kuliko zote, na sehemu kubwa inakuja ku meza za Waafrika wenzao: Msumbiji, Zambia, Angola, Congo.

Wakati ule ule, kwetu mambo yalianguka. Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mu 1991 ikaja pillage. Na mu 1993 shaba ilikuwa chini ya tani 50.000. Vijana wetu wa leo hawajui maana ya tarakimu hizi mpaka uwaambie kwa lugha ya nyumba: mufuko wa unga uliokuwa ukifika ku mulango ukaacha kufika. Mishahara ikalala miezi na miezi. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka kwa ile iliyoitwa départ volontaire, na kila mutu anajua hiari yake ilikuwa ya namna gani.

Njo hapo tomson ilipata kiti chake. Haikuletwa na mapenzi. Ng'ombe haukatwi kwa franka za siku moja, lakini samaki ndogo ya baridi inanunuliwa moja moja, hata nusu. Na kartoni ya kilo 20 ao 30 ikawa kitu kingine tena: ikawa kapitali. Mama ambaye bwana yake alikuwa ameacha kulipwa alichukua kartoni moja asubui, akauza samaki moja moja mu kivuli cha mwembe, zile zilizobaki akazikaanga mangaribi, na usiku alikuwa na faranga ya kartoni ingine na unga wa batoto. Kuna wanafunzi wengi wa miaka ile, na mimi nimewafundisha, ambao minerval yao ilitoka mu hizo kartoni. Historia ya Gécamines inaandikwa na tani za shaba. Historia ya namna watu walivyoishi kisha Gécamines ingepashwa kuandikwa pia na tani za chinchard.

Barabara ikafuata biashara. Daraja ya Katima Mulilo juu ya Zambezi ilifunguliwa mu 2004, na kamiyo za frigo zikapata njia ya lami toka Walvis Bay, kupitia Zambia, mpaka Kasumbalesa: zaidi ya kilometre 2.000. Yule aliyekwisha kuona mustari wa kamiyo ku Kasumbalesa anaelewa kwamba hatari ya samaki si bahari. Hatari ni kungoja. Motere ya baridi inakunywa mazutu usiku na muchana, na kila siku ku mpaka ni siku ya kuomba isizimike.

Ninajua kilio cha wengine, na si cha bure: Congo, yenye maziwa na mito ya namna hii, inanunua samaki kwa inchi yenye jangwa! Wataalamu wanataja kila mara kwamba maji yetu yanaweza kutoa karibu tani 700.000 kwa mwaka. Lakini samaki yenye kuweza kuvuliwa na samaki yenye kufika Lubumbashi ni samaki mbili tofauti. Kati yao kuna barabara ya Kasenga wakati wa mvua. Tena mu Zambia uvuvi unafungwa kila mwaka toka mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki izae, jambo nzuri ambalo lingeokoa mpumbu kama lingefanywa zamani. Mu miezi hiyo tomson inasaidia ziwa kupumzika. Silioni kama adui.

Basi tuingie mu jikoni.

Ujuzi unaanza ku soko, na unaanza na saa. Mama mwenye akili ananunua vitu vingine vyote kwanza, na tomson ya mwisho, kisha anarudi mbio. Anaenda asubui, wakati kartoni inafunguliwa, si saa nane wakati samaki imelala ku meza tangu saa mbili na jua juu yake. Ku chumba cha baridi, ile tunaita chambre froide, anaangalia kartoni mbele ya samaki. Kama chini ya kartoni kuna maji mekundu yaliyoganda kama sahani, ao samaki zimebanana mpaka zimepoteza umbo, ile kartoni ilikwisha kuyeyuka mara moja na kugandishwa tena. Pengine ni ku Kasumbalesa, pengine ni usiku wa délestage hapa hapa. Tumbo lililopasuka, jicho lililozama, nyama inayoacha alama ya kidole: aache. Punguzo la bei ku samaki ya namna hiyo ni deni.

Nyumbani, kosa ninaloliona mara mingi ni haraka. Batoto wanalia njaa, samaki iko jiwe, na sauti inatoka mu chumba: "Mama, tia tu maji ya moto, itatoka mbio!" Maji ya moto yanapika ngozi wakati mufupa ungali barafu, na nyama inamwagika. Jua ni ubaya zaidi. Njia ya bamama wazoefu ni kuweka samaki mu beseni yenye kufunikwa, pahali pa baridi ya nyumba, ku sakafu, mbali na mbabula. Kama wakati ni mufupi, samaki ndani ya sashe iliyofungwa vizuri, na sashe mu maji ya baridi ambayo yanabadilishwa. Asiyeyushe kartoni yote kwa kutafuta samaki tano: atenganishe tano kwa kisu butu, zingine zirudi palepale. Na zile tano, zikiyeyuka, zipikwe siku hiyo. Mutu akizirudisha mbichi mu kongelateri, zile sindano za barafu nilizozitaja zitamaliza nyama, na kuna jambo lingine baya zaidi, nitalisema sasa hivi.

Tomson inauzwa na matumbo yake. Wakati wa kuipasua ni pale inapokuwa nusu imeyeyuka: nyama ingali ngumu, kisu kinapita safi, matumbo yanatoka kama kipande kimoja bila kupasua nyongo. Mama anakata ule mustari wa magamba ya ubavu kuanzia ku mukia, anatoa ile damu nyeusi ya ku mugongo kwa kidole, anaosha mara mbili. Chumvi, ndimu ao siki kidogo, kitunguu saumu kwa anayependa. Kisha, na hapa wageni wengi wanakosea, anaifuta maji kwa kitambaa na kuiacha ikauke kidogo. Samaki ya baridi inatunza maji mengi kuliko ya ziwa. Ikiingia yenye maji mu mafuta ya moto, mafuta yanaruka mpaka ku uso. Wengine wanaipaka unga kidogo wa ngano. Mafuta yawe mengi, yawe moto kweli, samaki ziingie mbili tatu tu kwa mara moja, na zisigeuzwe-geuzwe.

Toka pale kila nyumba iko na njia yake. Wa upande wa Kasaï wanaipenda na mafuta ya ngazi. Wengi wanafanya mchuzi wa tumati, kitunguu, seleri na pilipili, na kurudisha samaki iliyokaangwa ndani yake dakika kumi tu, kwa sababu ikikaa sana inavunjika. Lengalenga kando, bukari ya moto, yote yamekwisha. Kichwa hakitupwi. Mu nyumba zingine bado ni cha baba. Kwetu ni cha yule anayekiomba wa kwanza.

Sasa lile jambo baya. Chinchard na maquereau, na ndugu yao thon, ziko na kitu mu nyama yao ambacho vijidudu vinakigeuza kuwa histamine, pale samaki mbichi inapokaa mu joto masaa mengi. Hiyo histamine haina harufu. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha tena hakuiondoi. Mutu akikula, ndani ya dakika chache ao saa moja mbili, uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, ngozi inawasha, wengine wanatapika ao wanaharisha. Mara mingi inapita siku ile ile, lakini mwenye kupumua kwa shida apelekwe ku hospitali bila kungoja. Alama moja ya mbele, kwa anayejua: ulimi unasikia ukali kama wa pilipili pale ambapo hakuna pilipili. Hapo sahani inaachwa.

Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu ya kile kinachofuata mu lupango. Watu wane wamekula nyungu moja, usiku wote wane wako na uso mwekundu na moyo mbio. Wa tano, ambaye hakukula, ao alipata kipande cha samaki ingine, ni muzima. Neno la kwanza linalotoka ni sumu, la pili ni bulozi. Na nani alipika? Bibi mugeni wa nyumba, mukwe, mutoto wa mama mwingine. Kila mutu wa muji huu anajua batoto waliofukuzwa ku nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo. Yule wa tano njo anatazamwa zaidi, kwa sababu alibaki muzima. Mbele ya kuita mukutano wa jamaa, mutu aulize maswali matatu ya kawaida: samaki ilinunuliwa saa ngapi, ilikaa wapi, umeme ulikatika usiku gani. Histamine inaweza kuwa nyingi ku samaki moja na kukosekana ku ile ya pembeni yake mu kartoni moja. Kwa hiyo muzima na mugonjwa wanaweza kutoka ku meza moja bila mukono wa mutu.

Kama umeme umekatika, kongelateri iliyojaa na isiyofunguliwa inatunza baridi siku moja na zaidi, mara mingi karibu siku mbili. Ile yenye samaki chache inapoteza mbio. Basi mulango usifunguliwe kila mutoto anapotaka kuona. Samaki ikianza kulegea lakini ingali na barafu ndani, ipikwe yote. Hapo bamama walirudi ku ujuzi wa nkambo zao: wanaikaanga mpaka inakauka, ao wanaiweka kidogo juu ya mbabula yenye moshi mudogo, kama vile samaki ya Upemba ilivyofanywa, na inafika kesho bila frigo. Lakini moshi hauponyeshi samaki iliyokwisha kuharibika. Unatunza tu ile iliyo nzima.

Watu wamenipiga ulizo juu ya crevettes, zile za sashe zinazouzwa ku magazini za katikati ya muji. Wakinshasa wanazijua zamani, sababu muto wao uko na kosa-kosa kubwa. Kwetu bado ni chakula cha siku kubwa. Sheria ni ile ile: ziyeyuke mu baridi, zikaushwe maji, zisirudi mbichi mu kongelateri. Tofauti ni moto. Tomson inavumilia mafuta marefu, crevette haivumilii. Ikiwa mbichi ni ya kijivu. Ikigeuka ya pinki na kujikunja kidogo, dakika mbili tatu tu, itolewe. Na nyingi za sashe zilikwisha kupikwa ku kiwanda: hizo ziko za pinki tangu ndani ya barafu, na kazi ya mama ni kuzipasha moto mu mchuzi mwishoni kabisa, wakati bukari iko tayari imefunikwa.